Muulize Shangazi: Watoto 80 kwenye matembezi ya hisani, tuwafanyie nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nakuandikia kutoka Mwanza, ni mama wa watoto watatu na katibu wa kikundi chetu cha wamama, tuko 22. Mwaka huu tumeamua kufanya matembezi ya hisani mwezi wa 6 kwa ajili ya watoto wenye selimundu (ule ugonjwa wa damu wa kurithi, sikoseli), hela itakayopatikana tunawakatia bima ya afya na kuwasaidia nauli za kliniki maana wengine wanatoka mbali sana. Njia ni kilomita 5, tunaanzia Viwanja vya Furahisha tunazunguka tunarudi palepale. Kibali cha polisi tunacho, tisheti zimeshaanza kuprintiwa, mgeni rasmi amekubali. Shida yetu ni watoto. Mwaka jana tulienda matembezi ya watu wengine tukabeba na wanetu, yani kufika saa 4 wote wanalia, wengine wamelala kwenye majani, wa kwangu wa mwisho ananivuta gauni twende nyumbani, nikaondoka hata sijasikia kiasi kilichopatikana. Safari hii tunategemea watoto kama 80 hivi, miaka 3 mpaka 14, na baadhi yao ndio hao wenye selimundu wenyewe. Wenzangu wanasema tukodi yale majumba ya upepo ya kurukia basi yanatosha. Wewe unasemaje? Bajeti yetu ndogo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana, wamama 22 kujipanga mpaka mkafika kwenye tisheti sio kazi ndogo. Kabla sijasema chochote kuhusu michezo naomba uchukue kalamu tupige hesabu moja. Kilomita 5 mtu mzima anatembea saa moja, akiwa anapiga stori na wenzie saa moja na robo. Sasa matembezi yetu wote tunayajua, watu wanaambiwa wafike saa 12 asubuhi, mazoezi ya viungo saa 12 na nusu, mgeni rasmi anaingia saa 2, mnatembea, mnarudi saa 3 na kitu, alafu risala, alafu utambulisho wa meza kuu, alafu hotuba, alafu wadhamini kila mmoja anapewa maiki, mnaondoka saa 5. Kwa hiyo mtoto ametembea saa moja na amesubiri saa nne. Watoto wako mwaka jana hawakulizwa na kutembea, mtoto wa Mwanza anapanda mawe na kushuka kutwa nzima na jioni bado anataka kucheza, walilizwa na kusubirishwa. Kwa hiyo mipango yenu yote ya watoto ianzie hapo kwenye kusubiri, ukishakupunguza na kukijaza kile kinachobaki, kazi kubwa umeimaliza.

Cha kwanza nendeni kwa mgeni rasmi mapema, sio kwa barua tu, muende watu wawili watatu mkae nae, mumwambie kutakua na watoto 80 na wengine wana selimundu, mtoto wa hivo hatakiwi kupigwa na jua muda mrefu wala kukaukiwa maji mwilini, kwa hiyo mnaomba aongee dakika 5 kabla ya kutembea, na akichelewa mtaanza na yeye atawapokea kwenye kumalizia. Mtu mzima akielezwa hivo anaelewa, mimi nimeomba hivo zaidi ya mara moja na sijawahi kukataliwa. Wadhamini wasomwe majina yao watu wakiwa wanakunywa maji, kila mmoja kupewa maiki hapana.

Sasa hilo la majumba ya upepo. Sikatai, watoto wanayapenda, lakini piga hesabu tena. Jumba moja linachukua watoto 8 au 10 kwa zamu, nyie mnao 80, kwa hiyo umekodi foleni, na foleni ndio kule kule kusubiri. Kuna gharama ya jenereta, kuna wakubwa wanawakanyaga wadogo, alafu mtoto mwenye selimundu akiruka mpaka ametota jasho na hakuna anaemkumbusha maji unaweza kumletea maumivu usiku wake. Hela hiyo kodini turubai kubwa la kivuli na mikeka, mnunue na maji ya kutosha. Kivuli na mkeka ndio uwanja wa watoto, hapo ndipo kila kitu kitafanyika.

Kabla ya michezo kuna jambo la usalama siwezi kuliruka. Nimefundisha chekechea miaka 19 na matembezi ya hisani nimesaidia kuandaa mengi tu, kuna moja mpaka leo nikilikumbuka moyo unaenda mbio. Mtoto wa kiume wa miaka 5 alimtoka mama yake kwenye foleni ya kujiandikisha. Dakika 40 tunamtafuta, mama ameshavua viatu anakimbia peku, jina la mtoto linatangazwa na kutangazwa. Tulikuja kumkuta amekaa juu ya kreti la soda nyuma ya spika kubwa, anamwangalia fundi wa mziki, jenereta inanguruma pembeni yake na spika imeangalia upande wa pili, yani jina lake linaitwa na spika ile ile aliyoiegemea na yeye hasikii. Tangu siku ile sitegemei maiki tena. Kila mtoto akifika anafungwa utepe wa kitambaa mkononi, nyekundu, kijani, bluu kutokana na kundi lake, na kwa ndani ya utepe mnaandika kwa maka peni namba ya simu ya mzazi. Jina msiliandike kwa nje, maana mtu asiemjua akimuita kwa jina mtoto anaamini ni ndugu. Kila kundi watoto 8 na mama mmoja, kwahiyo wamama 10 kati yenu siku hiyo kazi yao ni watoto tu, wale wa chini ya miaka 5 muongezewe msaidizi, dada au kaka mkubwa. Hao 10 wasije wakasema ngoja nitembee kidogo nirudi.

Haya tuje kwenye kutembea. Kilomita 5 ni ya wakubwa na wale watoto wa miaka 10 kwenda juu wanaotaka wenyewe. Wadogo watengenezeeni njia yao ya kilomita moja, izunguke humohumo uwanjani au pembeni yake pasipo na magari, na iwe na mwanzo wake, utepe wake wa kukata na watu wa kupiga vigelegele, isiwe kitu cha kuwazuga. Mimi njia hii naiita njia ya vitendawili. Unachukua maboksi unayakata yanakua mabango, unayafunga kwenye miti au unayashikiza kwenye viti, kila baada ya hatua mia hivi kuna bango, na mama wa kundi anasimama anasema kitendawili, watoto wanaitika tega, anasoma. Nyumba yangu haina mlango. Jibu haliko hapo, liko kwenye bango linalofuata, limechorwa, yai kubwa. Ukiona wanavyokimbilia bango la pili kuhakikisha kama wamepatia utasahau kabisa kwamba uliwahi kuwabembeleza watembee. Popoo mbili zavuka mto, wanakuta macho. Ajenga ingawa hana mikono, wanakuta ndege. Na lile la kila niendapo ananifuata nakushauri uliweke mwishoni jua likiwa limeshatoka vizuri, hapo hamna haja ya kuchora, mwambie mtoto ageuke aangalie chini nyuma yake, utawaona wanaanza kukimbizana na vivuli vyao.

Kwenye kila bango la jibu mtoto agongewe muhuri kwenye kadi yake. Mihuri msinunue. Kiazi mbatata unakikata katikati, kwa ncha ya kisu unachonga nyota au samaki (samaki ni rahisi, ni umbo la jicho na mkia wa pembetatu), unakikausha na kitambaa maana kikiwa na majimaji rangi inatawanyika, unachovya kwenye rangi ya maji iliyomwagwa kidogo kwenye sponji, unagonga. Kila kituo umbo lake. Kiazi kimoja kinagonga kadi zote 80 na bado kipo. Mtoto aliemaliza mihuri yake mitano anaenda kuonyesha kadi anapewa kitu, na hicho kitu kiwe kimoja kwa wote, mambo ya wa kwanza wa pili wa tatu kwa watoto wa miaka 4 yanaleta machozi tu.

Watoto wenyewe wa selimundu. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu ndio siku yao. Mkae na wazazi wao wiki moja kabla, sio asubuhi ileile, muwaulize kila mtoto anaweza nini. Wapo wanaotembea kilomita yote vizuri, wapo wa nusu, wapo wa kukaa. Kila mmoja awe na chupa yake ya maji na mama wa kundi amkumbushe kunywa hata kama hajasema ana kiu. Mwezi wa 6 asubuhi upepo wa ziwa una baridi, na baridi inaweza kuwaanzishia maumivu, kwa hiyo waje na sweta na wasilivue mapema, na michezo ya kumwagiana maji futeni kabisa kwenye ratiba. Muwe na nesi hapo chini ya turubai, ombeni na Msalaba Mwekundu au skauti waje na boksi la huduma ya kwanza, na mtoto akisema miguu inauma au kifua kinabana, au akishikwa na homa, hakuna kusubiri hotuba iishe, gari iwe imeshajulikana ni ipi na dereva ni nani, anapelekwa hospitali. Na mchezo wa kukaa usiwe wa wagonjwa peke yao wakati wenzao wanaruka, hiyo inamuumiza mtoto kuliko mnavyofikiria. Wekeni mda ambao kundi zima linakaa kwenye mkeka, wote wanacheza mdako, bao, hadithi za paukwa pakawa, alafu ule mchezo wa nyama nyama nyama mnaucheza kwa kupiga makofi badala ya kuruka, unasema nyama ya mbuzi wanapiga, nyama ya kuku wanapiga, nyama ya paka aliepiga ametoka, kicheko ni kilekile.

Kuna kitu kingine cha kufanya kwenye mkeka ambacho kwangu mimi ni muhimu kuliko michezo yote, waelezeni watoto wanatembea kwa ajili ya nini. Watoto wengi wanaletwa wamevaa tisheti yenye maneno wasiyoyajua. Chukua chupa tupu ya maji, weka punje za kunde, igeuze, zinamwagika zote. Waambie damu yetu ina vitu vidogo sana vya mviringo vinapita kwenye mishipa hivi hivi. Sasa weka vijiti vidogo vilivyopinda kama mundu, ukiweza njoo na mundu wenyewe waone umbo lake lakini ubaki mkononi mwako, geuza chupa, vinajazana shingoni vinakwama. Waache wajaribu wenyewe, watatingisha weeh. Alafu uwaambie rafiki yenu damu yake iko hivi ndio maana anapata maumivu makali, na alizaliwa hivo, amerithi kwa wazazi wote wawili, hauambukizwi kwa kukaa nae wala kula nae sahani moja. Mtoto wa miaka 6 anaelewa hapo hapo, na jumatatu shuleni hatamkimbia mwenzie. Nyie huko Kanda ya Ziwa mna watoto wengi wenye ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za nchi kwa hiyo hakuna darasa lisilohitaji kusikia hili. Na kwasababu mmechagua mwezi wa 6, tarehe 19 ndio Siku ya Selimundu Duniani, Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2008, mkiweza kuweka matembezi jumamosi ya karibu na siku hiyo mtapata na watu wa redio kirahisi.

Watoto wa miaka 8 mpaka 12 wapeni kazi, na iwe kazi ya kweli. Wengine washike vikombe vya maji kwenye kumalizia, wengine wawe kikosi cha shangwe na ndoo tupu na vifuniko vya sufuria, mtu anaemaliza kilomita 5 akipokelewa na watoto 20 wanapiga ndoo anatoa na ile elfu tano aliyokua ameificha. Wengine waokote chupa tupu ndani ya uwanja tu, barabarani hapana, kila kundi na gunia lake, mkimwita mnunuzi wa chupa aje na mzani wake apime mbele yao na hela ileile iingie kwenye sanduku mbele yao, hata ikiwa ndogo watoto wameiona kwa macho yao imetoka wapi.

Na hapo ndio nifike kwenye vibubu. Mna miezi kadhaa mbele yenu, wapeni watoto vibubu sasa hivi, kila mtaa au kila kundi kibubu kimoja, sio kila mtoto chake, maana kuna nyumba shilingi mia mbili ya ziada haipatikani na sitaki mtoto asimame pale na kibubu kitupu. Siku ya matembezi vibubu vyote vinapangwa kwenye kanga moja chini ya turubai, mtoto mwenye selimundu kama anapenda mwenyewe (aulizwe, asilazimishwe kupanda jukwaani akaangaliwe) ndio apige filimbi, vinavunjwa. Mlio wa udongo kupasuka na sarafu kumwagika nakuhakikishia hakuna mtoto atakaelia wala kulala saa hiyo. Wakae chini wapange mafungu, mia mia, mia mbili mbili, mia tano mia tano, wahesabu wenyewe, mwalimu mmoja anahakiki. Hiyo peke yake ni nusu saa na ndio nusu saa ambayo risala na hotuba zenu zinaweza kupita bila kelele.

Chakula msihangaike na biskuti na juisi za rangi. Ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, karanga, na nyie huko mna matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa), mtoto akipata matobolwa na karanga na maji anaenda mpaka mchana. Ila kwenye kuandikisha muulize nani karanga zinamdhuru. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo fungeni kwenye karatasi au muweke kwenye mabeseni. Choo kikaguliwe siku moja kabla na awepo mama mmoja wa kusindikiza wadogo, hilo watu wanalisahau kila mwaka.

Picha za watoto wagonjwa msiweke kwenye bango wala mtandaoni bila ridhaa ya mzazi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilishaanza kutumika, na hata isingekuwepo, mtoto atakua na ile picha itakua bado ipo. Piga picha kadi zenye mihuri, vibubu, miguu yenye vumbi, mtu akiangalia anaelewa.

SWALI: Shangazi, hujambo. Mimi nasoma gazeti lenu nikiwa Nairobi. Hapa kwetu Mater Heart Run imezoesha familia nzima kutembea pamoja tangu 1993, hata mimi nikiwa shule ya msingi nilienda, pesa zilikuwa za upasuaji wa moyo kwa watoto. Sasa mtaani kwetu tunafanya yetu ndogo ya kujenga maktaba ya shule. Wadogo hawanipi shida, ni hawa wa miaka 13 hadi 16, wanakuja kwa sababu wamelazimishwa, wanakaa kando na simu zao. Nifanyeje?

JIBU: Sijambo mwanangu. Hao ukiwapangia burudani umewapoteza, maana wanajiona wameshavuka utoto na wewe unawarudisha. Wakabidhi sehemu nzima ya shughuli na usiwasimamie mabegani. Mziki wote wa siku hiyo uchaguliwe na wao, mkubaliane tu kuhusu nyimbo za matusi. Wawili wawe washereheshaji kwenye mbio za watoto wadogo. Simu zao ziwe ndio vifaa vya kazi, wapige picha, warekodi mahojiano na wazee waliotembea, jioni wakae watengeneze video fupi ya kuwatumia waliochanga. Alafu wapeni kadi za ahadi, ule utaratibu wa zamani ambapo kijana anapita kwa majirani na wajomba anaandikisha ahadi, huyu shilingi 20 kwa kila kilomita, huyu 50, na baada ya matembezi anarudi kukusanya. Kijana aliyeandikiwa ahadi za watu 12 hawezi kukaa kando, kila kilomita anayotembea ina hesabu na anaijua yeye. Na maktaba ikifunguliwa wao ndio waingie wa kwanza kupanga vitabu kwenye shelfu, waambie hilo kuanzia leo.

SWALI: Shangazi habari za kazi. Mimi ni baba wa binti wa miaka 4, niko Dar. Kazini kwetu kuna matembezi ya hisani mwezi ujao na mama yake atakua safarini. Binti yangu akitembea kidogo tu anataka kubebwa. Nimpeleke au nimuache kwa bibi yake?

JIBU: Nzuri baba, mpeleke. Usimwambie tunatembea kilomita ngapi, mwambie tunaenda mpaka kwenye ule mnazi, mkifika mnachagua kingine, lile geti la bluu, yule mama wa maandazi. Mpe kitu cha kubeba ambacho ni chake, kikapu kidogo cha kuokotea majani au chupa yake ya maji, mtoto mwenye mzigo anajiona ana safari. Jua la Dar kufika saa 3 limeshakua kali, kwa hiyo kofia na maji, na mkichagua njia fupi au mkaishia katikati sio aibu, mchango wako umeshatoa. Beba kanga mbili. Moja ya kumfunga mgongoni akichoka, wanaume wanabeba watoto kwa kanga na wala hakuna ubaya, na nyingine ya kutandika chini ya mti akipitiwa na usingizi kabla hamjarudi.